Chakula Kikigeuka Shubiri: Kumlisha Mgonjwa Anayetumia Dawa za Kansa

Makorora si mahali pa njaa. Apitaye sokoni pale asubuhi huona samaki, nazi, mihogo, ndizi, mchicha, na machungwa ya Muheza yamepangwa mafungu mafungu. Hata mwenye fedha kidogo harudi nyumbani na kikapu kitupu. Lakini katika mitaa hiyo hiyo ya Tanga, na katika vijiji vya Pongwe, Muheza, Pangani na Mkinga vile vile, zimo nyumba ambamo chakula chapikwa kila siku, chatiwa tui na chumvi kama desturi, kisha sahani yarudi jikoni imejaa. Mgonjwa ameonja kijiko kimoja, akageukia ukutani.

Mgonjwa huyu ana kansa, na ameanza kutiwa dawa. Jamaa wameuza mbuzi, wamechangishana nauli, wamempeleka hospitali. Sasa wamwona anazidi kukonda, nao waulizana kwa siri: Je, ni ugonjwa unaommaliza, au ni dawa, au ni ukaidi tu?

Jambo hili si dogo. Kabla ya kutoa dawa kila mara, madaktari humpima mgonjwa uzito na damu, maana kipimo cha dawa hufuata ukubwa wa mwili wake na nguvu zake. Wakimkuta amedhoofika sana, yawapasa kuahirisha dawa au kuipunguza. Na kansa haimngoji mtu. Kwa hiyo ile sahani inayorudi jikoni ni sehemu ya matibabu, sawa na ile chupa inayoning'inia hospitalini. Tena sehemu hii imo mikononi mwetu sisi wa nyumbani.

DAWA HIZI NI ZA NAMNA GANI?

Watu husema, “Anatiwa dripu za kansa.” Madaktari huita matibabu hayo tibakemia, yaani kutibu kwa dawa zinazopita katika damu na kufika mwili mzima. Nyingine hutiwa mshipani, nyingine ni vidonge. Mara nyingi hutolewa kwa mizunguko: mgonjwa hupewa dawa, kisha hupumzishwa wiki 2 au 3 ili mwili upate nafuu, halafu hupewa tena. Katika nchi yetu wagonjwa wengi huzipata katika Taasisi ya Saratani Ocean Road, Dar es Salaam. Hospitali hiyo ilianza zamani za Wajerumani, nayo ikafanywa taasisi ya saratani kwa sheria ya mwaka 1996. Dawa hizi hutolewa pia Muhimbili, KCMC ya Moshi na Bugando ya Mwanza.

Mtu asifikiri kwamba dawa hizi ni jambo la ng'ambo lisilotuhusu. Mwaka 1958 daktari Denis Burkitt, aliyekuwa akifanya kazi katika hospitali ya Mulago, Kampala, aliandika habari za uvimbe wa taya uliokuwa ukiwaua watoto wa Afrika Mashariki. Mwaka 1961 yeye na madaktari wenzake wawili walifunga safari ya maili 10,000 kwa motokaa kuukuu, kutoka Uganda mpaka Afrika ya Kusini, wakipita hospitali za njiani na kuuliza ni wapi uvimbe huo waonekana. Kisu kilikuwa hakiufai ugonjwa ule. Lakini watoto walipopewa dawa hizi, uvimbe uliyeyuka kwa siku chache, na wengine wao wakapona kabisa. Hivyo Afrika Mashariki ilikuwa miongoni mwa mahali pa kwanza duniani palipoonyesha kwamba kansa yaweza kuponywa kwa dawa tu.

Tena liko ua dogo la majani tano, jeupe au la rangi ya waridi, ambalo akina mama wengi wa pwani hulipanda mbele ya nyumba. Asili yake ni Bukini, yaani Madagaska. Ndani ya mmea huo wataalamu walipata dawa mbili kali za kansa, vinkristini na vinblastini, zinazotumika hata leo. Lakini angalia, ndugu msomaji: usichume majani yake ukayachemsha! Mmea huo ni sumu. Hospitalini dawa hupimwa kwa miligramu, na kuzidisha kidogo tu huua. Birika la jikoni halina mizani hiyo.

KWA NINI LADHA HUPOTEA?

Kansa ni chembe za mwili zilizoasi, zikazaana upesi bila kipimo. Dawa huziwinda chembe zote zinazozaana upesi. Lakini mwilini zimo pia chembe njema zenye tabia hiyo: za mizizi ya nywele, za uboho wa mifupa unaotengeneza damu, za ngozi laini ya kinywa na tumbo, na vile vionjeo vidogo vya ulimi. Vionjeo hujifanya upya kila baada ya siku 10 hivi. Dawa ikivipiga, vile vya zamani hufa na vipya huchelewa. Mate nayo hupungua, na pua huanza kunusa vibaya.

Ndipo mambo ya ajabu yanapotokea. Mmoja asema nyama ina ladha ya chuma, kana kwamba analamba msumari. Mwingine asema wali ni kama karatasi. Wa tatu aona chai tamu mno, na wa nne aona mchuzi wote ni chumvi. Tena ladha hubadilika: jambo lililofaa Jumatatu halifai Alhamisi. Anayetibiwa kwa mionzi ya kichwa au shingo hupatwa na haya zaidi, na kinywa chake hukauka.

Habari njema ni hii: kwa watu walio wengi ladha hurudi baada ya matibabu kwisha, kwa wiki kadhaa au miezi michache. Yampasa mgonjwa aelezwe jambo hili mapema, ili asidhani kwamba ulimi wake umekufa.

UGOMVI WA SAHANI

Tuchukue mfano wa nyumba moja, nazo ziko nyingi kama hiyo. Mama mtu mzima anaumwa. Mke wa mwanawe ndiye ampikiaye. Siku ya tatu baada ya kutoka hospitali, mkaza mwana ameamka mapema, amenunua changu, amempika kwa nazi.

“Mwanangu, umetia nini humu? Huyu samaki ana chuma.”

“Mama, mbona ni changu wa leo? Nimempika kama ulivyonifundisha mwenyewe.”

“Basi mpe mumeo. Mimi siwezi.”

Mkaza mwana aingia jikoni, machozi yanamlengalenga. Moyoni asema, “Tangu zamani hanipendi.” Mama naye alala akiwaza, “Wamechoka nami, sasa wanipikia ovyo.” Jioni jirani aja kutazama hali, naye aongeza lake: “Mlazimisheni tu. Asipokula atakufa.” Kesho yake mume aketi kitandani na kijiko mkononi kama anamlisha mtoto, na mama afunga kinywa.

Nani mwenye kosa hapa? Hakuna. Mpishi alipika vizuri, na mgonjwa alisema kweli: kwake samaki yule alikuwa na chuma. Palikosekana maarifa tu. Mkaza mwana angaliambiwa mapema, angalijibu, “Pole, mama. Ni dawa hiyo. Kesho tutajaribu choroko.” Na mama angalipata nguvu ya kujaribu.

Kwa hiyo kanuni ya kwanza ya nyumba ni hii: sahani ikirudi, pasiwe na hasira wala machozi. Ondoa sahani, funika chakula, ngoja saa moja au mbili, kisha lete kitu kingine kidogo. Kumlazimisha mgonjwa humfanya atapike, na akishatapika chakula hicho atakichukia siku nyingi.

KWANZA KINYWA

Kinywa kichafu huharibu hata chakula kizuri. Chemsha lita 1 ya maji, yaache yapoe, tia kijiko 1 cha chai cha chumvi. Ukipata ile soda ya kuumulia maandazi, ongeza kijiko 1 cha chai. Lakini yasiwe magadi ya kulainishia maharage, hayo ni makali. Mgonjwa asukutue kwa maji hayo kabla ya kula na baada ya kula, na kabla ya kulala, kisha ayateme. Kila siku atengenezewe mapya.

Mswaki uwe laini. Mswaki wa mti mgumu huchubua fizi, na wakati huu damu yaweza kukawia kuganda. Dawa za kusukutulia zenye spiriti zamchoma bure. Tumbaku, tambuu na pombe aviache.

KILA LADHA NA DAWA YAKE

Ikiwa chakula kina ladha ya chuma, weka kando vijiko na bakuli za bati. Mpe kijiko cha mti au cha plastiki, na chakula katika sahani ya udongo au kikombe cha kigae. Nyama nyekundu ndiyo husumbua zaidi. Basi usishindane naye, badili. Mayai, kuku, maharage, kunde, choroko, mbaazi za nazi, maziwa na dagaa hujenga mwili vile vile.

Ikiwa chakula hakina ladha kabisa, amsha ulimi kwa ndimu, ukwaju, tangawizi, kitunguu saumu, iliki au mdalasini. Sisi wa pwani tumejaliwa vitu hivi. Lakini akiwa na vidonda kinywani, ndimu, ukwaju na pilipili vyote ni moto. Mpe vitu laini visivyo vikali: uji, mtori, viazi vilivyopondwa kwa maziwa, ndizi mbivu, papai, yai lililochemshwa likapondwa.

Ikiwa kila kitu ni kitamu mno, punguza sukari, tia chumvi kidogo au matone ya ndimu. Uji wenye mtindi wamfaa. Ikiwa kila kitu ni chungu au kina chumvi, tia sukari au asali kidogo, isipokuwa mwenye kisukari, ambaye amwulize daktari wake kwanza.

Ikiwa harufu ndiyo inayomchukiza, pika nje au mbali na chumba chake. Chakula cha moto hutoa harufu nyingi. Basi kipoe kwanza, aletewe kikiwa vuguvugu. Lakini wako wanaopewa dawa moja ambayo huwafanya wasikie maumivu ya koo na vidole wagusapo kitu cha baridi. Hao hawapewi maji ya barafu wala chakula cha baridi. Uliza hospitalini kama mgonjwa wako ni mmoja wao.

Hapa lipo neno kwa akina baba. Mara nyingi mgonjwa ndiye mama wa nyumba, naye twamwona bado amesimama mbele ya moto akikaanga samaki, moshi na harufu vikimpanda, kisha twashangaa kwamba hali. Akishapika, hawezi tena kula. Baba, shika mwiko! Hakuna aibu. Watoto wakubwa nao wafundishwe, wavulana na wasichana.

KIDOGO KIDOGO, LAKINI CHENYE NGUVU

Desturi yetu ni kupakua sahani kubwa mara mbili au tatu kwa siku. Kwa mgonjwa huyu sahani kubwa ni mlima. Mpe kidogo mara 5 au 6, katika kisahani, kama mtu anayejaza mtungi kwa kata. Wengi huwa na hamu asubuhi. Basi chakula chenye nguvu kitangulie asubuhi, kisingoje jioni. Akiamka usiku na njaa, ale. Saa ya tumbo lake si saa ya nyumba.

Kwa kuwa hula kidogo, kila kijiko kibebe mzigo. Uji mtupu wa maji na sukari hujaza tumbo bila kutia nguvu. Jaribu huu: unga wa ulezi vijiko 3 vya kulia, maziwa kikombe 1, maji kikombe 1, karanga zilizokaangwa zikasagwa vijiko 2. Koroga na kuchemsha mpaka unga uive vizuri. Mwishoni mimina yai 1 lililopigwa, huku ukikoroga upesi, na uendelee kuchemsha dakika chache mpaka liive kabisa. Tia sukari au chumvi apendavyo yeye. Pasipo maziwa, tumia tui la nazi. Karanga ziwe safi. Zenye ukungu zitupwe, maana ukungu huo una sumu ya ini.

Hivyo hivyo, wali upikwe kwa tui, mchicha utiwe karanga, viazi vitiwe maziwa, supu ya dagaa ipondewe viazi. Vitu hivi vyapatikana sokoni bila kumfilisi mtu. Hapana haja ya kununua makopo ya gharama kubwa kwa sababu tu yana picha nzuri.

Maji anywe kidogo kidogo mchana kutwa, lakini zaidi kati ya mlo na mlo, ili yasimjaze tumbo wakati wa kula. Dafu ni jema, likikatwa kwa panga safi na kunywewa papo hapo. Balungi, lile chungwa kubwa lenye uchungu, aulize kwanza hospitalini, kwa kuwa hugombana na dawa kadhaa.

KICHEFUCHEFU

Hospitali hutoa vidonge vya kuzuia kutapika. Wengi huviweka mfukoni, wasema, “Nitakunywa nikitapika.” Hapo wamechelewa. Vidonge hivi hunywewa kwa saa zake kama daktari alivyoandika, kabla ya tumbo kuchafuka. Kama havisaidii, rudi ukaseme. Ziko dawa nyingine.

Asubuhi, kabla hajasimama, mpe kitu kikavu: kipande cha mkate, biskuti, au muhogo wa kuchoma. Chai ya tangawizi huwatuliza wengine. Akishakula aketi, asilale chali mara moja. Na shauri moja ambalo wengi hawalijui: siku ya kutiwa dawa usimpe chakula akipendacho kuliko vyote. Ubongo huunganisha kichefuchefu na chakula cha siku ile. Akila pweza wa nazi siku hiyo akatapika, huenda asimpende tena pweza maisha yake yote. Siku hiyo ale chakula cha kawaida tu, na kipenzi chake kingoje siku za nafuu.

USAFI WA JIKONI

Siku ya 7 mpaka ya 14 hivi baada ya dawa, askari wa damu huwa wachache. Ugonjwa mdogo wa tumbo, ambao wewe hukuumiza siku moja, yeye waweza kumwangusha. Kwa hiyo nawa mikono kwa sabuni kabla ya kumpikia. Maji yachemshwe. Maziwa yachemshwe, na mtindi uwe wa maziwa yaliyochemshwa. Mayai, samaki, kuku na nyama viive kabisa. Matunda yaoshwe na kumenywa. Kachumbari iliyokatwa barabarani, na samaki wa kukaanga waliokaa juani tangu asubuhi, aviepuke. Kiporo cha jana usimpe.

Kansa haiambukizi. Haipiti kwa kikombe, wala kwa sinia, wala kwa kulala chumba kimoja. Mgonjwa apakuliwe sahani yake ili yeye asiambukizwe mafua na magonjwa ya tumbo kutoka kwetu, lakini aketi pamoja nasi mkekani. Ziko nyumba zinazomtenga mgonjwa nyuma ya pazia, kisha zashangaa kwamba hana hamu. Nani hula vizuri peke yake gizani? Jambo moja tu la kuangalia: kwa siku 2 hivi baada ya dawa, anayesafisha matapishi au choo cha mgonjwa avae mpira wa mikono, na nguo zilizochafuka zifuliwe mbali na nyingine, kwa sababu mabaki ya dawa hutoka humo.

MANENO YA KUPOTOSHA

Wengine husema, “Sukari hulisha kansa, mnyimeni.” Mwili wote watumia sukari, chembe njema na mbovu pia, na mtu akinyimwa chakula huyeyuka nyama yake mwenyewe. Mgonjwa anayekonda hahitaji miiko ya kuongeza njaa.

Wengine huleta chupa za majani na mizizi, wakisema zasafisha damu. Baadhi ya dawa hizo huumiza ini na figo, viungo vile vile vinavyobeba mzigo wa dawa za hospitali, na nyingine hupunguza nguvu ya matibabu. Kama mgonjwa amekwisha kunywa, asimfiche daktari. Amwambie, hatakemewa kwa kusema kweli.

Na wengine, kwa nia njema, humwambia mgonjwa afunge ili sala isikiwe. Hapa sheria ya Kanisa ni wazi. Mgonjwa hafungwi na amri ya kufunga, wala wakati wa Kwaresima wala siku ya Ijumaa Kuu. Hata ile saa 1 ya kutokula kabla ya Komunyo haimlazimu mgonjwa wala mzee, wala yule anayewauguza. Akila uji wake kisha Padre afike na Ekaristi, apokee kwa amani. Jirani zetu Waislamu nao wanayo ruhusa hiyo katika Ramadhani: mgonjwa hula. Kwa mtu wa namna hii, kumeza vijiko 5 vya uji kwa ajili ya watoto wake ni sadaka kubwa kuliko kufunga.

SAFARI YA HOSPITALI

Toka Tanga mpaka Dar es Salaam, au mpaka Moshi, ni kilometa 350 hivi. Kwa mtu mzima ni safari ya siku moja. Kwa mgonjwa anayerudi na kichefuchefu ni kazi. Mfungie chakula cha nyumbani kisichooza upesi: mayai ya kuchemsha yasiyomenywa, ya kuliwa siku hiyo hiyo, ndizi, machungwa, mkate, karanga, na maji yaliyochemshwa. Chukua mfuko wa kutapikia na kitambaa kilicholowa. Asikae karibu na harufu ya mafuta ya gari, na kidonge chake akinywe kabla ya kupanda. Siku ya kurudi, mtu wa nyumbani awe amekwisha kuandaa uji mwepesi na kitanda, asikute wageni 20 sebuleni.

DALILI ZA KUTOCHEZEWA

Mpeleke mgonjwa hospitali upesi ukiona hivi:

Joto la mwili likifika nyuzi 38 au zaidi, au akitetemeka kwa baridi. Homa ya pwani twaizoea, twakimbilia vidonge vya malaria dukani. Kwa mgonjwa huyu ni hatari! Yaweza kuwa askari wa damu wamekwisha, na saa chache zaweza kuamua kufa au kupona. Nenda Bombo au hospitali yoyote iliyo karibu, usiku au mchana, na neno la kwanza liwe: “Mgonjwa huyu anatumia dawa za kansa.”

Akitapika au kuharisha siku nzima, au akishindwa hata kunywa maji. Mpe maji yenye chumvi maalumu ya kuharisha huku mkiwa njiani.

Akiwa na vidonda kinywani visivyomwachia kumeza, au utando mweupe ulimini. Utando huo ni kuvu, nao una dawa.

Chakula kikimkwama kooni, au akitokwa damu.

Akipungua uzito upesi. Mtu wa kilo 60 akipoteza kilo 3 kwa mwezi mmoja, daktari aambiwe. Ukikosa mizani nyumbani, mpime katika kituo cha afya mara moja kwa wiki, na kuandika katika daftari.

UGONJWA UKIFIKA MBALI

Lazima tuseme na jambo hili. Wako wagonjwa ambao dawa haziwezi tena kuwaponya. Katika siku za mwisho mwili wenyewe huacha kutaka chakula. Hauteswi na njaa kama sisi wazima. Hapo kumshindilia chakula humwongezea maumivu, na chaweza kumpalia. Mlowanishe midomo, mpe matone ya maji au chai kama ataka, mshike mkono. Jamaa wasijilaumu kwamba wamemwua kwa njaa. Lakini asiwepo wa kukata neno hilo peke yake nyumbani. Daktari aulizwe kwanza, maana wengi waliodhaniwa wa mwisho walikuwa wamepungukiwa maji tu au dawa ya kutapika.

KAZI YA JIRANI

Jumuiya ndogondogo zetu hutembelea wagonjwa, na hili ni jema. Lakini mara nyingi watu 10 huja siku moja na sufuria 10 za pilau, kisha wiki nzima hapana mtu. Afadhali kupanga zamu: leo nyumba hii yaleta supu kikombe kimoja, kesho ile yaleta mayai 2, keshokutwa mwingine afua nguo au achote maji ili mwuguzi alale kidogo. Na kabla ya kupika, atumwe mtoto kuuliza: “Shikamoo, bibi. Mama auliza, leo kinywa chako chataka nini?” Akijibu, “Leo nataka embe bichi na chumvi tu,” msimcheke. Kama hana vidonda, mwosheeni embe kwa maji safi, mmenyeeni, mkatieni vipande vidogo. Baada ya embe huenda akaomba uji.